Madawati ya Miti ya Baba

Shule ya Mlimani,
Mbozi.
18 Juni 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, uniambie kama goti lake limetulia na baridi hii. Najua mko katikati ya kuchuma kahawa, hivyo sitegemei jibu refu. Mimi mwili ni mzima. Kinachonisumbua ni hasira, na hiyo zahanati hawana dawa yake.

Unaikumbuka ile mikaratusi uliyoitunza kwa ajili ya kuezekea nyumba, ukaikata uliposikia wanafunzi wangu wanaandika wamekaa kwenye matofali. Fundi Habibu alitoa madawati ishirini. Siku yalipoingia darasani, watoto waliyanusa kwanza kabla ya kuyakalia. Nyumba yako inavuja mpaka leo, sijasahau.

Sasa sikia walichofanya wakubwa zangu. Wiki iliyopita tulitangaziwa mgeni wa kukagua shule zote tatu za kata yetu kwa siku moja. Unajua desturi yetu: mgeni akija nyumba moja, jirani huyu anatoa vikombe, yule viti. Shule zetu nazo zinaishi hivyohivyo. Ramani ya Tanzania tunayo moja, na mkaguzi akija inamtangulia kila anakokwenda. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Alinanuswe, akaona ni aibu mgeni akute sisi tu ndio tuna madawati, akaamuru wenzetu waazimwe.

Mgeni alianzia kwetu, akayasifu. Alipokuwa ofisini anakula kuku, mikokoteni ya ng'ombe ikayapitisha njia ya mkato hadi Shule ya Mtoni. Akayasifu na huko. Akapewa kuku mwingine, madawati yakatangulia Shule ya Bondeni. Huko alisema amefurahi sana kuona kata nzima inatumia fundi mmoja, maana madawati yote yanafanana. Walimu wazima, watu wenye vyeti, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeyafuata madawati. Nilikunja mikono tu.

Kabla ya kuondoka akatangaza kwamba kwa kuwa kata hii imejitosheleza, mgao wetu wa madawati utapelekwa kwingine. Tena kila shule itoe madawati kumi kuwasaidia wasio nayo, na lori litayapitia Ijumaa hii. Baba, shule tatu, kumi kumi, ni thelathini, na kata nzima ina ishirini. Mtoto wa darasa la pili angeikataa hesabu hiyo.

Nilimfuata Mwalimu Alinanuswe nikamsihi aseme ukweli. Alijibu kwamba mkubwa akishasema amesema, na kumweleza sasa ni kumwambia alidanganywa mara tatu kwa siku moja. Akaniambia nivumilie. Aliyasema hayo ameketi kwenye kiti chenye mto. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini sisi hata hilo gae tunanyang'anywa, na watoto wa watu warudi kwenye matofali mwezi huu wa Juni, sakafu baridi namna hii. Nimekasirika, Baba, sina neno lingine.

Kwa hiyo sikuvumilia. Jana jioni, madawati yakiwa yamesharudi kwetu, niliwaita wazazi bila kumwambia mwalimu mkuu. Kina mama ndio waliojaa. Enesi, yule mjane anayeuza maandazi karibu na shule, alikuwa wa kwanza kujitwisha dawati kichwani, na wengine wakafuata. Mengine yako jikoni, mengine yamefunikwa na mahindi ghalani. Lori likija litakuta matofali yaleyale. Najua ninaweza kuhamishiwa mbali, au kuachishwa kazi kabisa.

Madawati matano yalikosa pa kukaa. Ndiyo hayo kwenye mkokoteni uliokuletea barua hii. Yaweke kwenye banda la kahawa. Wewe ni mzee wa kanisa, na sitaki useme uongo kwa ajili yangu. Atakayekuuliza mwambie ukweli, kwamba hiyo ni miti yako.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mwenye mkokoteni asiondoke bila kula. Nikihamishwa, tafadhali Mama asiyageuze kuni. Wanafunzi wangu nimewaelekeza njia ya kuja kuyafuata kwako.

Binti yako,
Elina