Bahasha ya Muuzaji wa Tisa

Mpendwa Shangazi,

Naomba unijibu gazetini kwako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa inaletwa mashine ya kukatakata karatasi idarani kwetu, mafaili yote ya zamani yakatwe, na mwenye ufunguo wa kabati lake ni mimi.

Miaka ishirini na sita iliyopita nilikuwa msaidizi wa profesa mmoja chuoni, enzi hizo intaneti ni kitu cha kusimuliwa, na yeye alitaka kujua jambo moja tu, kama watu wasioonana wanaweza kuuziana kitu wakaaminiana, wenzake wakamcheka wakasema nani atanunua kiatu bila kukijaribu, basi tukatengeneza soko la majaribio kwenye kompyuta, wauzaji jengo moja, wanunuzi jengo lingine, kila mtu na namba badala ya jina, bidhaa zikawa saa za mkononi ambazo hata hazikuwepo, muuzaji anapewa kadi inayomwambia saa hii ni nzima au mbovu, kusema kweli au kudanganya ni hiari yake. Majina yao niliyafunga kwenye bahasha, nikatia saini juu ya gundi, nikawaahidi kwamba hakuna atakayeifungua.

Wiki ya pili mnunuzi wa kumi na mbili akaacha kuja, na mimi badala ya kumwambia profesa nikakaa kwenye kiti chake, nikijiambia ni leo tu, nikakutana na muuzaji wa tisa. Wenzake walidanganya bila hata kukohoa, lakini yeye aliniandikia, "Hii inachelewa, usiichukue. Ngoja ya kesho." Nikangoja ya kesho, na ya keshokutwa, wiki sita, kila saa kumi jioni, tukawa tunaongeza maneno chini ya bei, mvua imefika huko, umekula, leo unaandika kama umechoka, hata nikawa nafika nusu saa kabla kompyuta hazijawashwa. Siku ya mwisho aliniandikia sentensi moja ambayo sijamwambia mtu yeyote, na nikiwa bado naandika jibu profesa akazima soko.

Utafiti ukachapishwa, sura nzima ikatusifu wa tisa na wa kumi na mbili kuwa ndio ushahidi kwamba wageni wanaweza kuaminiana, na mpaka leo wanafunzi wanainukuu mbele yangu nami nainamia mafaili. Niliolewa nikaachika, mume mwenyewe alikuwa saa mbovu iliyopakwa rangi, na hakutokea wa kuniandikia usiichukue. Sasa nina miaka hamsini na mmoja, watu wananunua hata vitanda kwa simu, na mimi bado namtamani mtu ambaye sijui hata sauti yake. Jana niliitoa ile bahasha nikaiinua dirishani nione kama maandishi yatapenya. Hayapenyi. Je, niifungue?

Mnunuzi wa Kumi na Mbili

*

Mdogo wangu,

Irudishe kabatini kwanza, ndipo tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili chai yangu ilipoa. Sitakucheka. Kumkumbuka mtu aliyekuambia kweli wakati uongo ungemfaidi si ujinga. Wako walioishi na wenzao miaka thelathini na hawajaambiwa hata siku moja kwamba saa inachelewa.

Lakini na wewe umezidi. Unampenda mtu kwa uaminifu wake, halafu unataka kumpata kwa kuvunja ahadi uliyompa kwa saini yako? Ukimpigia simu, neno la kwanza atakuuliza, "Namba yangu umeipata wapi?" Utamjibu nini? Na huenda ana mke, ana wajukuu, au ameshatangulia mbele ya haki. Hayo ni yake, hukuyanunua.

Tena kuna jambo umelipitisha haraka haraka ukidhani sitaliona. Kile kiti hakikuwa chako. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imezunguka miaka ishirini na sita, lakini imefika. Kama profesa yu hai, nenda kwake kesho umwambie kwamba wa kumi na mbili ulikuwa wewe, ili aisahihishe ile sura. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Mwenzako alikuwa anataja kasoro kabla ya bei, nawe jaribu.

Ijumaa iingize bahasha kwenye mashine kwa mkono wako, usimtume mtu. Utalia, kwa hiyo beba leso.

Kisha nisikilize vizuri. Wewe uliahidi kutoifungua ile bahasha. Yeye hakuna aliyemkataza kukutafuta. Ile sentensi umefanya vyema kutoiandika hapa. Iandike kwenye karatasi, uifunge, uniletee mwenyewe hapa ofisini kwetu gazetini. Wataniandikia matapeli, nawajua, kila mmoja atajiita wa tisa. Atakayeitaja sentensi hiyo neno kwa neno ndiye, na siku hiyo hiyo nitakuita. Mwaka ukiisha hajatokea, nitakurudishia karatasi yako na wewe utaacha kungoja. Hilo uniahidi, na safari hii kaa kwenye kiti chako mwenyewe.

Na wewe muuzaji wa tisa, kama macho yako yamefika hapa: mnunuzi wako hakukunyamazia. Soko lilizimwa akiwa bado anaandika.