Kichwa Changu Hakinyolewi

Msimbati

Kwako mdogo wangu Tatu,

Asalaam aleikum. Natumaini hujambo wewe na wote wa hapo Likombe, na lile goti lako limepata nafuu. Mimi mzima, wembamba tu umezidi. Mwandiko huu uuvumilie, nilisoma ngumbaru tu na wewe unajua.

Tatu, ujumbe wako nimeupata. Unasema nikubali kunyolewa nywele nitolewe uchawi, mganga keshaitwa, ili ukoo upumue. Nilicheka, kisha nikakasirika. Umesikia ya watu, sasa sikia ya kwangu.

Nilikuwa kisiwani kwetu, pale Ruvuma inapoingia baharini, nalinda mpunga usiliwe na ndege. Fadhili mwanangu nilikuwa naye. Mto ukafurika asubuhi, maji yakameza shamba, viboko wakapanda kutafuta pakavu. Fadhili akaenda na mtumbwi, mimi nikabaki juu ya dungu letu la kulindia ndege. Kushuka hakukuwezekana tena, maana mamba mkubwa alikuja akalala chini ya ngazi, akaachama.

Siku zikapita. Nilitafuna muhogo mbichi, nikakinga mvua kwa sufuria. Kiboko alikuja kujikuna kwenye nguzo, dungu likayumba kama mlevi, nikapiga debe mpaka akaondoka. Mamba ndiye hakuwa na haya. Alilala mdomo wazi vilevile kama marehemu shemeji yako Hemedi akishiba, basi nami nikampa jina hilo. Kutwa namgombeza, namuuliza Hemedi kama hana kazi, namwambia Hemedi atoke mlangoni kwa watu. Alipoinua kichwa kupanda ngazi, nilimshushia mchi wa kutwangia, puani! Akarudi majini.

Wakati huohuo wavuvi walikuwa wanafika, wamekuja kutafuta hata kitenge changu wakakizike. Wakanisikia naita Hemedi, wakaona mamba anaondoka. Kabla uji haujapoa, kijiji kizima kinasema nimemfuga mume wangu mtoni. Mume mwenyewe akiwa hai hakunisikia hata siku moja, leo awe mamba ndiyo anitii?

Hayo ningeyanyamazia. Lakini aliyekuja kwako kutaka ninyolewe ni Fadhili. Je, alikueleza habari ya mtumbwi? Ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ya dungu. Nilikuwa nashuka ngazi, mguu mmoja hewani, alipoona kiboko akaufungua akapiga kasia. Nilimwita, hakugeuka. Akafika nyumbani akatangaza mamba kanichukua, mkanisomea hitma nami natafuna muhogo.

Wavuvi niliwaambia kamba ilikatika. Nilimfichia mwanangu, maana woga kila mtu anao. Sasa anataka nikae chini ya wembe mbele ya watu, niwe mimi mchawi ili yeye asiwe mwoga. Hapana, Tatu. Woga nimemsamehe, wembe simsamehe.

Mwambie hivyohivyo, usipunguze neno. Mganga naye mrudishe kwao. Maji yamepungua, mpunga wa upande wa juu umepona, na Jumamosi naenda kuuvuna. Hemedi akiwa bado yupo pale, mchi ninao.

Wabusu wajukuu wote, na shemeji mpe salamu zangu. Ukija kunitazama, wembe uache hukohuko. Niletee kitana na mafuta ya nazi.

Ni mimi dada yako mwenye nywele zake,
Somoe