Neva Zilizoishia Njiani

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu wangu hajapata choo tangu azaliwe! Tumbo limevimba, ngoma tupu. Nilimwambia binti yangu ni gesi, itatoka. Hakusikia, kampeleka hospitali. Mkaidi huyu. Sijui kamrithi nani.

Jumatano, 6 Machi

Daktari kanieleza, nimetoka kichwa kizito. Eti mwisho wa utumbo hauna neva, ndiyo maana hausukumi. Eti mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, neva huanzia huko juu, zinashuka zikitembea. Utumbo wenyewe hutoa kitu — kichocheo cha ukuaji — kinaziita na kuzilisha njiani. Za huyu ziliishia njiani.

Kuziita! Nusu ya mji huu waya wa umeme nimetandaza mimi, na sijaona waya ulioitwa ukaja. Waya huvutwa na fundi! Nikamwambia, basi unga kipande. Akasema hapana mzee, tunakata pasipo na neva, pazima tunapavuta chini hadi njia ya haja. Loo! Nani anabomoa chumba kwa kukosa taa? Nimekataa. Mkwe yuko safarini, mkubwa hapa ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Mtoto katapika kijani.

Nimemfuata daktari. Mchome basi hicho kichocheo, neva zimalizie safari! Nilijua nimembana. Kasema wakati wa kutembea ulishapita, na sindano hiyo haipo. Haipo? Kiumbe hakijazaliwa kinakitengeneza, hospitali nzima hawana! Sielewi. Sielewi kabisa.

Binti kasema, Baba, wewe fundi wa nyumba, huyu ni mwanangu. Kakubali akatwe. Bila mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandikia kwenye benchi. Mtoto yuko ndani.

Nesi katoka na kikopo, ndani kipande cha utumbo, kidogo kama ukucha. Kinakwenda maabara, wakikiona kina neva ndipo wajue pa kukata. Karudi. Kina? Hakina, mzee, wanapanda juu.

Kikopo kingine. Hakina.

Watapanda mpaka wapi? Utumbo nao una mwisho!

Binti kaja kuketi kando yangu. Sasa kanishika kiwiko. "Baba, ulishawahi kupima nyumba nzima ukakosa umeme?"

Nimeinamisha kichwa, najifanya naandika. Kiwiko hajakiachia.

Mlango huo. Nesi tena —