Disiki Zako Nilizianika Juani

Papa Nabintu,

Wewe ulikuwa na kichwa kigumu, na kufa hakukukilainisha. Mutu anayejua kama anakwenda anaita muke wake, anamuonyesha mambo ya nyumba. Uliniita, sikatai. Ulinionyesha bati gani linavuja. Ulinionyesha ule ufunguo mukubwa wa mabomba, ukasema mutu wa nje asiuguse. Uliniambia ile mbuzi ya madoa nisiiuze mbele haijazaa. Wiki mbili ulikuwa unalala pale na kunifundisha, kinywa kikavu, nami nakulowanisha na kijiko. Lakini juu ya zile disiki zako za muziki, hata neno moja. Miaka yote ile ulikuwa unazipangusa na kitambaa cha pamba, polepole, kama unapangusa mutoto mwenye surua, na hukuona kama ni lazima kumuambia mwanamuke: hizi hazioshwi na maji ya moto.

Basi niliziosha.

Acha nikuambie mwenyewe, mbele mutoto wetu Nabintu hajakuambia katika zile sala zake za kulia-lia. Desturi unaijua. Mama yangu wa Nyantende alinifundisha, na mama yako alinichunguza kama nimeshika: mbele ya kuondoa matanga, kila kitu marehemu alichokuwa anagusa kinaoshwa na kinapigwa jua. Mashuka, sahani, kofia, hata kiti. Kisipooshwa, kifo kinabaki ndani ya nyumba kama mugeni asiyejua kuaga. Niliosha mashuka yako. Niliosha viatu vyako vya kazi, vyenye matope ya mabomba ya watu wote wa Muhumba. Kisha nikaangalia lile sanduku chini ya dirisha. Nikajiuliza, uligusa nini kuliko hizi? Hata mimi hukunigusa hivyo.

Nilichemsha maji. Nilitia sabuni ya unga. Nilizitoa moja moja katika makoti yao ya karatasi, yale yenye picha za Waamerika weusi wanaokunja uso kama watu waliolala na njaa, na nikazisugua. Vizuri, kabisa. Nilizipanga juu ya mabati ya jikoni, nikateremuka kutafuta muchele wa Luberizi wa kupikia wageni wa matanga. Jua la kiangazi unalijua. Niliporudi zilikuwa zimejikunja kama maganda ya maharagi. Zingine zilikuwa mabakuli. Moja ililala juu ya mukunjo wa bati, ikachukua ule mukunjo, mawimbi mawimbi. Na yale makoti niliyoyapangusa na kitambaa cha maji yalifumuka kama ugali wa jana.

Nilifanya yote, Papa Nabintu. Nilizitia chini ya godoro nikazilalia. Nilizitia chini ya jiwe la kusagia. Nilichukua pasi ya makaa nikatandika kitambaa juu na nikapiga pasi. Ile niliyopiga pasi usiiulize. Kisha nikachukua iliyokuwa na afueni, nikaiweka juu ya mashine yako, nikashusha kile kimukono vile nilikuwa nakuona unafanya. Sindano iliruka kama mbuzi mwenye wazimu. Haikutoa wimbo, ilitoa kikohozi.

Nabintu aliniambia, "Maman, haukujua." Mutoto niliyezaa mimi. Ningependa anitukane. Watu wote kwa matanga walikuja na lile neno, haukujua, haukujua, wananipapasa mugongo. Mimi niliyelea watoto saba na nikazika wawili, mimi ninayejua mihogo ya uchungu kwa kuiangalia tu, leo niko yule bibi ambaye hakujua. Nilisoma mupaka mwaka wa tatu kwa masista, ndiyo. Lakini hakuna mutu alinifundisha kuosha. Kuosha ni yangu.

Na nitasema kingine, kwa sababu sasa hauwezi kunikatiza. Nilipokuwa nasugua, nilikuwa na furaha kidogo. Nilikuwa naziambia moyoni, leo mumepata mwenye nyumba. Miaka yote mulikuwa munakaa karibu ya dirisha penye mwanga, na mimi nashonea gizani.

Unakumbuka ya kwanza. Ulikwenda kufungua bomba katika ile nyumba ya zamani ya wazungu, ukaikuta juu ya plafo, kule darini, katikati ya mavi ya panya, na mwenye nyumba akakuambia uitupe. Ulirudi nayo chini ya koti, mvua inakupiga, koti limelowa na disiki iko kavu. Nilikuambia, mwanaume mwenye akili angelowa yeye na disiki pamoja. Kisha ukaanza kuinama kwa wale wanaotandika vitu vya zamani chini pale soko la Kadutu, miwani ya watu waliokufa, vijiko, na wewe unatafuta disiki za jaz. Unatumwa ndagala za kupika, unarudi na disiki ya tarumbeta.

Ile tarumbeta, basi. Sikukuambia, lakini niliisikia. Inalia kama mutu aliyefiwa ambaye hataki majirani wajue. Ulikuwa unainua kidole, unasema, "Sikiliza, Maman Nabintu, anakwenda, anakwenda mbali, sasa utaona, atarudi." Nami nikakujibu, "Kama atarudi, sababu gani alikwenda?" Rafiki yako Zihindula akacheka mupaka akamwaga chai.

Ni juu ya Zihindula ndiyo nakuandikia. Yale mengine ni kuzunguka tu.

Fundi wa nguo yule, tangu ugonjwa wa sukari umunyanganye macho alikuwa na vitu viwili na vyote viwili vilikuwa wewe. Jumamosi ulikuwa unamushika mukono, munakwenda kwa kiwanja cha askari wa Pakistani wa kulinda amani, wale uliokuwa unawatengenezea mabomba ya kambi, kuangalia kriketi yao. Kipofu kuangalia muchezo. Nilisema nyinyi wawili mumepotea. Siku moja nikafuata na karanga zangu nione. Watu wazima wamevaa nyeupe toka shingo mupaka miguu na wanajitupa ndani ya majani. Niliuliza nani anawafulia. Ukasema, "Hapa hatufuli, hapa tunatazama." Saa kumi wakasimama wakanywa chai, na hakuna mutu aliyekasirika. Na wewe hukunyamaza hata kidogo: "Zihi, sasa anarudi nyuma. Anapangusa mupira kwa suruali. Anakimbia. Ameutupa. Yule wa kibao amekosa." Na Zihindula, na yale macho yake meupe, akasema, "Acha uongo, muzee. Kibao nimekisikia." Na alikuwa na haki. Ulikuwa umetazama karanga.

Nilicheka siku ile. Mupira ulipopanda juu sana na yule kijana mwembamba akakimbia, akakimbia, nilisimama na nguo yangu ikabaki kwenye mwiba. Sikuelewa chochote. Lakini nilisimama.

Wale askari walirudi kwao, unajua, ukiwa bado unatembea. Kiwanja sasa kinalishiwa mbuzi. Hivyo ikabaki jaz peke yake, na wewe, na Zihindula kwenye kile kiti, vidole vyake ndani ya sanduku. Alikuwa anazijua zote na mukono. Hii iko na kona iliyokatwa. Hii iko na gundi mugongoni. Kwa hiyo usiniambie nimuwekee redio. Nilikwisha kuwaza hiyo. Huyo mutu anajua kitambaa cha pamba na cha nailoni akiwa mulangoni.

Kisha ya matanga alikuja na fimbo yake, peke yake; hakuna mutu aliyekuwa na roho ya kumuambia. "Maman Nabintu, nilisema nisikilize moja tu, kisha nirudi." Nilimuambia umeme hakuna. Haukuwa uongo, umeme lini ulikuwa? Akanywa chai, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi, na bahati mbaya taa ya jirani ikawa inawaka na redio inaimba. Mimi nikasema sindano ya mashine imevunjika. Ilitoka tu kinywani. Nikaona uso wake umeanguka, nikaona ni vizuri, imekwisha, atazoea.

Jana alinishika mukono kwa mulango wa kanisa. Alitoa kiberiti mufukoni, akakifungua. Ndani alikuwa ametandika pamba, na juu ya pamba sindano.

Alipanda Kadutu, Papa Nabintu. Siku tatu. Zile ngazi za udongo ambazo mimi na macho yangu mawili nazishuka na makalio mvua ikinyesha. Aliuliza kila fundi wa redio, mumoja akamutuma kwa mwingine, mupaka akapata muzee mumoja mwenye kopo la vitu vya zamani. Goti lake limefungwa kitambaa. Nilimuuliza, akasema ni mufereji tu. Akasema, "Siku ya Mungu, kisha ya misa, nakuja. Tutaanza na ile ya tarumbeta."

Mimi ninayegombana na soko nzima bila kupumua, nilisema, "Karibu."

Sijui nifanye nini. Nimezunguka kwa wale wa kutandika chini, wananionyesha shaja za telefone. Nabintu anasema tumuambie zimeibiwa. Nikamuambia atoke mbele yangu. Kuna vitu ambavyo mutu anaharibu na mikono miwili safi, na havirudi, na hakuna kazi ya kufanya, na mimi sijui kukaa bila kazi ya kufanya. Nimefagia uwanja mara tatu leo.

Karatasi ya hii kaye ninayoandikia inaisha. Lala vizuri, muzee wangu, kama huko wanawaacha mulale. Nakuahidi hivi. Siku ya Mungu sitasema umeme, sitasema mwizi. Nitamukalisha, nitamupa ile ya mawimbi mikononi, aisome mwenyewe na vidole, na nitasema, ni mimi. Sitasema sikujua. Kama analia, alie. Kama ananitukana, nitanyamaza, na wewe unajua sijawahi.

Na wewe, tangu matanga umesimama pale kwa mulango. Nakuona. Kila mara nikitoka na maji napita pembeni kwa sababu yako. Sasa inatosha. Ondoka hapo, mupishe Zihindula aingie.