Taarifa Zangu za Ajali

Jumatatu, 4 Mei

Mkutano wa msafara wetu wa baiskeli, kantini ya kiwanda cha viatu, baada ya zamu. Nilianza kwa utaratibu ninaoupenda: nikamtambua Meneja Utumishi, aliyehudhuria kwa mara ya kwanza, nikamtambua muuguzi wa zahanati ya kiwanda, nikawatambua wakuu wa zamu, kisha wanachama, ndugu zangu wa pedali. Hilo la mwisho liliwachekesha. Tuko arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja! Miaka sita iliyopita tulikuwa watano, tukirukia majani kila lori lilipopiga honi.

Nikasoma habari ya mwendesha baiskeli wa mji wa jirani aliyegongwa wiki iliyopita. Dakika moja ya kimya. Sijapata kuisikia kantini ikinyamaza vile — hata mpishi aliacha kusugua sufuria. Nikapendekeza, na wote wakaridhia, kwamba kila asubuhi nitaweka kwenye kundi letu la simu taarifa ya ajali yoyote ya baiskeli itakayonifikia, popote ilipotokea, ili tujihadhari. Meneja Utumishi aliandika kitu kwenye daftari lake.

Binti yangu, tukirudi: baba, unasoma vizuri mno, mtu anaweza kufa kwa kukusikiliza tu. Nilicheka.

Jumatano, 6 Mei

Taarifa ya pili. Niliandika: "Ndugu yetu, ambaye hatulijui hata jina lake, alitoka nyumbani mzima, baiskeli imerudi bila yeye." Sentensi hiyo niliifanyia kazi nikinyoa ndevu. Imesambaa hadi kwenye makundi mengine. Mchomeleaji wetu, ambaye kiwanda kizima humwita Breki kwa kuwa mdomo wake hauna breki, amenilaumu kwamba nimemliza mkewe na chai ikaungua.

Asubuhi tulipita darajani tukiwa thelathini na wanane. Watatu wana mafua, nadhani.

Daraja hilo ni jembamba. Lori likiingia, hapabaki nafasi ya mwingine. Tangu tuwe wengi tuna desturi yetu: mimi natangulia na kibendera chekundu, binti yangu anafunga mkia na cha pili. Madereva wa malori ya mchanga husimama ng'ambo mpaka wakione kibendera cha pili. Hakuna sheria inayowalazimisha. Wamezoea tu. Ni desturi tuliyoijenga kwa magurudumu, wala hakuna aliyeiandika popote.

Jumatatu, 11 Mei

Taarifa tano tangu Alhamisi. Sizitafuti tena, zinanifuata. Mtu wa ghala ananitumia. Shemeji yake ananitumia. Watu nisiowajua kabisa wananitumia, wakiniita mheshimiwa.

Leo picha ya gurudumu lililopinda, na kando yake kiatu. Niliikuza picha nikakagua soli, mshono, na alama ya kalibu inayoipa soli umbo, kama ninavyofanya kazini siku nzima. Si cha kiwanda chetu. Nilipumua — kisha nikaona haya kwa kupumua. Nikaituma.

Darajani: ishirini na tisa.

Mke wangu hali chochote asubuhi mpaka binti apige simu kusema tumefika. Binti anaendesha baiskeli kwenda kufungasha viatu mwaka wa nne sasa, na mama yake hakuwahi kukosa hamu ya chai.

Alhamisi, 14 Mei

Nilishika breki ghafla pasipokuwa na kitu mbele. Wa nyuma yangu nusura anivae. Aliuliza nimeona nini.

Ishirini na mbili.

Jumanne, 19 Mei

Jana mchana niliweka picha ya mama mmoja na kikapu chake. Kikapu kimesimama wima, nyanya zote zimo, hata moja haikumwagika. Sikuandika neno, nilihisi halihitajiki. Zamu ilipokwisha, wanachama kumi na wawili waliziacha baiskeli zao bandani. Wengine wamepanda basi la kiwanda. Wengine pikipiki za kukodi.

Breki, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima: "Mmemwona mkuu wa sehemu ya gundi? Kapakiwa wa tatu kwenye pikipiki moja, goti moja liko mjini, jingine shambani, hana hata kofia ngumu, anampungia mkono mwenye baiskeli anamwambia, ndugu yangu, jihadhari!"

Tulicheka sana. Nilikwenda zahanati kuomba dawa ya kichwa, nikamsimulia muuguzi, naye hakucheka. Alinifungulia kitabu chake cha wagonjwa. Tangu Januari: waliojeruhiwa kwenye pikipiki, kumi na mmoja. Kwenye baiskeli, wawili, na mmoja wao alijikwaruza goti akiiegesha. Akaniuliza kwa adabu, maana ni mdogo kwangu, kwa nini hao kumi na mmoja sijawahi kuwatangaza.

Nikamjibu kwamba hao wamezoeleka.

Nililisikia jibu langu likitoka. Sikuweza kulirudisha.

Ijumaa, 22 Mei

Breki alinifuata kwenye meza ya ukaguzi, simu mkononi. Safari hii alinong'ona. Breki kunong'ona!

"Mzee, usinikasirikie. Huyu marehemu wako amekufa mara tatu."

Akanionyesha. Taarifa ya tarehe saba, ya tarehe kumi na tatu, ya tarehe ishirini. Picha zimepigwa kutoka pande tofauti, lakini kreti ya kijani kwenye kibebeo ni ile ile, imefungwa kwa mpira ule ule wa tairi, fundo liko upande ule ule. Mara ya kwanza nilimwombolezea kama baba wa watoto. Mara ya pili kama kijana aliyekatizwa ndoto. Mara ya tatu nilimwita shujaa wa alfajiri. Mimi, ambaye soli mbili za kalibu moja nazitambua nimefumba macho!

Chakula cha mchana sikukigusa. Nilipitia taarifa zote, moja moja. Ishirini na tatu kwa jumla. Nikitoa zilizojirudia, zinabaki kumi na nne. Nikitoa za miaka ya nyuma, tisa. Katika barabara yetu, kwa miaka yote sita, moja: mzee aliyekuwa akiisukuma baiskeli kwa miguu, akavunjika mkono, akapona.

Niliandika masahihisho marefu, yenye takwimu. Nikatuma saa nane. Walioyajibu: wawili. Picha ya kikapu ilijibiwa na watu themanini na sita.

Na jambo la kutisha zaidi: hesabu nimeifanya mwenyewe, naiamini, lakini nikipanda baiskeli mgongo bado unanisisimka.

Jumapili, 24 Mei

Nilimwomba binti yangu, mbele ya mama yake, apande basi kwa muda. Nililipanga ombi vizuri, hoja kwa hoja.

Alikuwa akipaka mnyororo mafuta, kwenye ngazi ya nyuma. Alinisubiri nimalize. Kisha: "Baba, wewe ndiye uliyewatoa wenzetu barabarani. Na mimi unanitoa. Sasa nani abaki?"

Mama yake akamkemea kwamba baba hasemeshwi hivyo.

"Simkosei heshima, mama. Nauliza tu. Zamani lori lilikuwa linatungoja. Ijumaa lilianza kupanda darajani, likatuona, likarudi nyuma. Tulikuwa kumi. Tukiwa sita litarudi?"

Mke wangu alinitazama mimi, si yeye. Habari ya lori hilo hata mimi sikuwa nayo. Nilikuwa mbele, tayari nimeshavuka. Sikuliona.

Jumatano, 27 Mei

Tulikuwa saba.

Nimevuka. Nimegeuka kuhesabu. Lori la mchanga limeingia. Halikupunguza mwendo. Wenzangu wawili wamebanana na ukuta wa daraja, baiskeli juu ya vichwa. Binti yangu mkiani, kibendera juu, anapiga kelele. Kioo cha pembeni cha lori kimempitia kwenye mkono wa koti, na pale kilipogusa pamebaki mstari mweusi wa grisi, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Ajali haikutokea. Hapana picha. Hapana taarifa.

Dereva alisimama mbele, akashuka. Aliapa kwamba hakutuona. Zamani mlikuwa wengi, alisema, mtu alikuwa anawaona tangu kilimani. Siku hizi nilijua mmeacha.

Nilijua mmeacha! Nimelitafakari neno hilo zamu nzima. Jozi tatu mbovu zimepita mikononi mwangu bila kuziona. Mkuu wa zamu amezirudisha.

Tangazo ubaoni: Ijumaa saa kumi, mkutano wa msafara kantini, ajenda kutoka ofisi ya Meneja Utumishi — banda la baiskeli kugeuzwa maegesho ya magari. "Kwa kuzingatia usalama wa wafanyakazi." Wanahitaji ridhaa ya wanachama. Mikono ikinyanyuliwa, banda linabomolewa Jumatatu.

Binti amelifua koti. Mstari haukutoka. Mama yake anaamini ni rangi ya kazini, nasi tumemwacha aamini.

Ijumaa, 29 Mei

Naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya kaunta ya kantini.

Katoni zilikwisha sehemu ya kufungasha, wakaruhusiwa saa tisa. Nilimsihi binti anisubiri. Alisema mama ana kliniki ya presha, lazima amsindikize. Aliondoka peke yake, saa tisa na nusu. Hapakuwa na wa kuondoka naye. Wote waliobaki na baiskeli walikuwa huku, wakisubiri kupiga kura.

Walihudhuria karibu wote, waliomo na waliojitoa. Meneja Utumishi alisema hana haja ya kutoa hotuba, kwa kuwa ipo iliyokwisha kutolewa na mtu fasaha kuliko yeye. Akafungua daftari. Akasoma: "Ndugu yetu, ambaye hatulijui hata jina lake, alitoka nyumbani mzima." Alisoma zote, kwa tarehe. Kreti ya kijani mara tatu. Alisoma vibaya, bila vituo, na bado watu waliinamisha vichwa. Alipofunga daftari, mtu wa ghala alikuwa anafuta macho. Mikono ilianza kunyanyuka kabla hajauliza swali.

Nikasimama. Nikamtambua Meneja, nikamtambua muuguzi, nikawatambua wakuu wa zamu, nikawatambua wanachama. Nikakiri. Kwamba kati ya ishirini na tatu, ya kwetu ni moja. Kwamba barabara hii haikutuua, ila mimi nimewaondoa humo mmoja mmoja, na kila aliyeondoka aliwapunguzia kinga waliobaki. Nikawasimulia lori la Jumatano. Nikataja mstari kwenye koti.

Mtu wa ghala aliuliza kwa uchungu: "Sasa Mwenyekiti, tuamini lipi? La juzi au la leo?"

Kabla sijamjibu, simu zikaanza. Moja mezani. Tatu. Kisha kantini nzima, kama nyuki. Mkuu wa sehemu ya gundi akatazama yake, akaifunika kwa kiganja, akanitazama. Ni darajani, alisema.

Breki alinionyesha mwenyewe. Migongo ya watu. Malori yamepangana pande zote mbili. Chini, kati ya miguu, gurudumu moja la baiskeli. Basi. Haikuonyesha mtu wala saa.

"Mzee, inaweza kuwa ya zamani," alisema. "Umesema mwenyewe."

Inaweza. Nimempigia binti mara nne. Inaita tu. Akiwa anaendesha, simu huwa ndani ya mkoba, mkoba kwenye kibebeo, haisikii kamwe. Hilo nalo linaweza kuwa ndiyo sababu. Mke wangu naye ananipigia. Sijapokea. Nitamwambia nini?

Vidole tayari vilikuwa vinacheza juu ya simu. Mtu wa ghala alishaanza kuandika: "Poleni wana msafara —"

Nilipiga kaunta kwa kiganja. Sijawahi kufanya hivyo mbele ya watu. Nikatangaza, na haya ndiyo maneno, nayaandika kama yalivyotoka:

"Mheshimiwa Meneja, muuguzi, wakuu wa zamu, ndugu zangu. Kura haipigwi. Picha hiyo haitumwi kwa mtu yeyote, na aliyekwisha kuituma aifute sasa hivi. Mkutano huu haujafungwa, unahamia darajani. Gari haliwezi kupita, mmeona. Twende kwa baiskeli, wote, kila mwenye baiskeli bandani, tukaone kwa macho yetu ni nani."

Wameinuka. Hata mtu wa ghala. Muuguzi amekwenda kuchukua mkoba wake wa huduma ya kwanza. Mlinzi anafungua banda, nazisikia zikitolewa, moja inaangusha nyingine. Siku kumi hazijaguswa. Breki anapaza sauti kwamba matairi hayana upepo, zaidi ya ishirini, na pampu ni moja.

Nimewajibu dirishani: mwenye upepo atangulie, asingoje mtu. Wanaojaza wafuate watatu watatu. Kibendera ninacho mimi.