Jina la Désiré kwenye Buku ya Shindano

Kisangani, tarehe 3 Mai 1954

Yaya Félicité,

Jambo sana. Homa yako inasema nini? Na watoto? Mimi niko muzima, tena kupita muzima: hapa Kisangani hakuna mutu mwenye bahati kama ya mudogo wako! Sasa niko munganga wa shindano pale lopitalo, mwenye kuchoma wagonjwa dawa na sindano. Dokta, muzungu mwenyewe, alinichagua kati ya watu kumi na wawili. Hata wakubwa wa kartié, wale wa mutaa wenye kofia, wananishushia suruali niwapige! Na iko buku kubwa: kila shindano, jina langu pembeni. Asubuhi naandika jina kwenye mistari yote, juu mpaka chini, wagonjwa hawajafika bado; dokta anajaza mugonjwa na dawa baadaye. Ungeona ile D yangu, mukia kama wa mamba.

Mudogo wako,
Désiré

Isangi, tarehe 20 Mai

Mudogo,

Barua ilifika, asante. Homa yangu imepoa, lakini muguu wa binti yangu Émilie umevimba mpaka kwenye goti. Bon, kwa sababu weye ndiye mwenye shindano, namutia kwenye boti ya Ijumaa pamoja na kitunga cha samaki wa moshi. Sikia vizuri: mwaka jana, kule Basoko, penisilini ilimufunga koo, karibu afe. Penisilini hapana! Uandike kwenye ile buku yako. Anaogopa waganga wote. Anakutaka weye mujomba wake, anasema, "Noko tu ndiye atanipiga."

Yaya wako,
Félicité

Kisangani, tarehe 30 Mai

Yaya,

Salamu. Mutoto amefika, samaki pia; samaki wamekwisha, mutoto angali hapa! Usihangaike. Kesho nitamupiga mimi mwenyewe, atazani ni mbu tu ametua.

Mudogo wako,
Désiré

Isangi, tarehe 11 Juli

Désiré,

Sikuulizi kama uko muzima. Émilie tulimuzika siku ileile boti ilipomuleta. Muzungu wa parquet, wale wenye kushitaki watu, alifika hapa na karatasi ya ile buku: Émilie, penisilini, na pembeni D yenye mukia. Akaniuliza kama ni kweli weye ndiye unapiga shindano. Nilimupa barua zako mbili. Alinishukuru sana.

Félicité

Boloko ya Kisangani, tarehe 4 Septemba

Yaya,

Nakusalimia, hata kama hutanijibu. Walinipa miaka mitano ya kufungwa humu. Nilimwambia juji kwamba dokta ndiye alipiga shindano. Akasoma barua zangu kwa sauti. Alipofika kwenye ile ya wakubwa kunishushia suruali, watu walicheka, dokta pia.

Siku ile nilianza kusema, "Dokta, huyu mutoto, penisilini..." Akanikata: "Fanya kazi yako!" Émilie akanivuta shati: "Noko, piga weye." Ningepiga kelele. Ningevunja kile kichupa cha dawa. Lakini wagonjwa walikuwa wanatutazama, na Émilie aliniona mutu mukubwa. Nikacheka. Nikamwambia, "Leo mukono wangu umechoka, dokta atanisaidia." Nikamushika mabega asitikisike.

Yaya, sikuwa munganga hata siku moja. Nilikuwa nachemsha shindano na kufua bandeji. Ile buku, dokta alinipa kwa sababu wale kumi na mmoja walikataa kuandika majina yao kwenye shindano alizopiga yeye. Nilikudanganya.

Mudogo wako,
Désiré