Hatua Aliyoisahau Mbuke

Rujewa, Juni 1976

Zuena shoga, kikaratasi hiki soma peke yako kisha kichome. Huku kumekucha!

Mkaguzi kaja na Landrova kuona ninavyofundisha insha ya maelezo darasa la tano. Si nimewakaririsha: hatua kwa mpangilio, sababu na matokeo, maoni yenu yabaki nyumbani. Mkuu wetu kakaa nyuma, tumbo mbele.

Mkaguzi akauliza, "Nani ataeleza safari ya mpunga wa shamba la shule?"

Kasimama Mbuke. Wallahi, Mbuke!

"Kwanza wanafunzi huvuna mpunga. Halafu Mwalimu Mkuu huuhifadhi nyumbani kwake, kwa sababu stoo ya shule ina panya. Kisha mkewe huupeleka sokoni Mwanjelwa. Kwa hiyo wanafunzi hula ugali."

Stoo ina panya! Mkuu kikohozi kikambana hapo hapo.

Unajua mkaguzi kasemaje? "Maelezo safi. Hayana maoni hata chembe." Basi! Akafunga faili lake.

Sasa hivi gunia la mpunga linapakiwa kwenye Landrova yake, darasa zima liko dirishani linatazama. Mbuke kanyoosha mkono:

"Mwalimu, kuna hatua moja niliisahau."